Silikoni ya Sinki Inapobanduka, Kuvuja au Kuota Ukungu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Upya

Jiko la Lamu au la Malindi huitesa silikoni kwa namna ambayo jiko la Nairobi halijui. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa, maji ya kisima yana chumvi, hewa ina unyevu mwaka mzima, na juu ya kaunta kila siku hupita tui, mafuta na magamba ya samaki. Mstari uliopakwa Januari, Kaskazi ikivuma, huweza kutoka mzima kwa kuvutwa na kucha kabla masika haijaisha. Lawama hupewa tyubu. Mara nyingi tyubu haina kosa: kilichokosewa ni aina iliyochaguliwa, uso uliopakwa, au muda uliosubiriwa. Kwa hiyo tunaanza na dalili. Ukipaka mpya bila kujua ya kwanza ilishindwa kwa nini, utarudi hapohapo mwakani.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Kabati lililolowa chini ya sinki si ushahidi kwamba ukingo unavuja. Maji hayo yanaweza kutoka sehemu nne: ukingo wa sinki, kitako cha mfereji, tundu la kutolea maji, au trapu (bomba lililopinda chini ya sinki) na maungio yake. Ukikwangua silikoni kabla ya kuzitenga, utapoteza siku mbili na tyubu moja, na maji yatarudi palepale.

Toa vyombo vyote kabatini. Futa mabomba na tumbo la sinki kwa chini mpaka pakauke, kisha tandika gazeti kavu. Gazeti huonyesha hata tone moja ambalo mbao nyeusi hulificha. Halafu fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Fungulia mfereji, maji yaende moja kwa moja kwenye tundu kwa dakika mbili bila kurukia kando. Gazeti likilowa sasa, tafuta kwenye trapu, maungio, au paipu zinazopeleka maji kwenye mfereji.
2. Ziba tundu, jaza sinki nusu, subiri dakika 30. Tone likining'inia chini ya tundu, pete ya mpira (washa) au pati, ule ujiuji wa kuzibia tundu, imechoka; silikoni ya ukingoni haihusiki. Kisha zibua, maji yote yashuke kwa pamoja. Trapu isiyovuja kwa maji kidogo huweza kuvuja hapa.
3. Mimina kikombe cha maji polepole kuzunguka kitako cha mfereji. Subiri dakika tano.
4. Mwisho kabisa, mimina maji kwenye ukingo wenyewe, shubiri mbili kila mara, ukisubiri dakika tano kabla ya kwenda kipande kinachofuata. Anza mbele, malizia nyuma.

Ukingo huachwa mwisho kwa sababu maji yake hutambaa. Kaunta nyingi za nyumba za mji wa kale Lamu hazilali sawa, kwa hiyo maji huingia pembe ya nyuma kushoto yakadondoka mbele kulia, na ukishalowesha kila mahali hutajua lipi ni lipi. Ukitaka kuwa na hakika, tia rangi ya chakula kwenye kikombe cha jaribio la nne. Usitumie binzari, doa lake kwenye chokaa au jiwe halitoki.

Upande unaovuja zaidi ni wa nyuma, kati ya sinki na ukuta. Maji hutuama hapo, kitambaa hakifiki, na mkono wa fundi nao ulifika kwa shida siku ya kupaka.

Mstari unatoka mzima kama uzi

Usiutupe. Ugeuze utazame mgongo wake, maana ndio unaosema ukweli wote.

*Mgongo una unga mweupe.* Silikoni ilishika vizuri. Kilichoachia ni ukuta. Chokaa ya juu imekuwa unga, na silikoni imeondoka nao. Hapa kuna sababu mbili zinazopaswa kutofautishwa. Ya kwanza ni ukuta uliochoka wenyewe: chumvi hupanda na unyevu ndani ya matumbawe, hufika juu, maji hukauka na punje za chumvi huivunja chokaa kidogo kidogo. Ya pili ni silikoni yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni ya asidi halisi, asidi ileile iliyo kwenye siki ya kachumbari, nayo hutoka wakati silikoni inakauka. Asidi hiyo ikikutana na chokaa huila palepale inaposhikia na kuacha tabaka laini lisilo na nguvu. Chukua kipande cha chokaa kilichoanguka, dondoshea siki ya jikoni, utaona povu. Povu hilo ndilo lililotokea nyuma ya mstari wako.

Dawa yake ni kubadilisha aina (tutafika huko), na kuutengeneza ukuta. Kwangua unga mpaka ufikie chokaa ngumu, piga brashi kavu, kisha pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka cheupe, endelea. Ikiwa hufiki mwisho wa unga, kuna njia mbili. Ya haraka ni praima, yaani tabaka la kwanza la kusaidia kushika, inayotengenezwa kwa ajili ya silikoni kwenye nyuso zinazonyonya maji: paka tabaka moja jembamba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, ndipo upake silikoni. Njia tunayoipendelea sisi, ingawa ina kazi zaidi, ni kung'oa chokaa hiyo kwa kimo cha sentimita 10 hivi juu ya kaunta na kupachika kipande cha graniti au jiwe gumu juu ya mawe yenyewe kwa mota ya chokaa. Silikoni hukutana na graniti badala ya kukutana na unga. Mota ya chokaa haikauki upesi. Iache wiki mbili angalau.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi huyafanya hapa, nasi tunawasihi wayaache. La kwanza ni kupaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kama praima. Gundi hiyo hulainika tena ikilowa, na kando ya sinki italowa tu. La pili ni kupiga plasta ya saruji juu ya chokaa ili kupata uso mgumu. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe. Baada ya muda huvimba na kuondoka kwa mabamba, ikichukua chokaa nzima iliyo chini yake. Kwenye nyumba za mji wa kale wa Lamu, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, uharibifu huo si wa jiko lako peke yako.

*Mgongo ni laini, safi na unang'aa.* Hiyo haikuwahi kushika. Washukiwa ni mafuta, sabuni, maji, au masalio ya silikoni ya zamani. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kukauka, hata iwe ya kampuni ileile na rangi ileile. Kwa hiyo kuongeza mstari juu ya mstari wa zamani, kazi inayofanywa kila siku, ni kupoteza pesa.

*Mgongo una utando mweupe unaokwaruza.* Hii ni chumvi, hasa kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima. Chumvi iliyobaki juu ya chuma au kigae huvuta unyevu wa hewa, na silikoni hukaa juu ya unyevu huo bila kushika. Wengi husafisha kwa spiriti pekee wakidhani wamemaliza. Spiriti huondoa mafuta; chumvi haiyeyushi sawasawa. Chumvi huondolewa kwa maji matamu, yaani ya mvua, ya dukani, au ya mfereji yasiyo na chumvi.

*Upande mmoja umeshika, wa pili umeachia.* Ikiwa ulioachia ni uleule urefu wote, upande huo haukusafishwa. Ikiwa umeachia katikati ya sinki tu na pembeni pamekaza, sinki linacheza; soma sehemu ya nyufa hapa chini.

Siku ya tatu bado inanata

Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku. Pwani hewa ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo ngozi ya juu huja mapema, wakati mwingine ndani ya dakika tano hadi kumi, lakini moyo wa mstari mnene bado ni uji. Mstari wa milimita 6 unahitaji siku mbili hadi tatu. Ukiona juu pamekauka na chini panabonyea, ongeza muda tu.

Ikiwa hata ngozi ya juu inanata baada ya siku mbili, tyubu imeharibika na haitakauka hata ukisubiri hadi Maulidi. Tazama tarehe. Tyubu nyingi hudumu mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hesabu hiyo ni ya tyubu iliyowekwa mahali pa baridi, nyuzijoto 25 au chini yake. Bidhaa za Lamu huvushwa kwa boti kutoka Mokowe. Boksi likishinda gatini juani, kisha likapangwa chini ya mabati ya duka, tarehe iliyoandikwa haina maana tena. Kabla ya kununua, bonyeza tyubu pande zote: isiwe na sehemu ngumu. Ukifika nyumbani, toa mstari wa milimita 3 juu ya mfuko wa plastiki, uache usiku kucha. Asubuhi uvute. Ukirefuka na kurudi kama mpira, tyubu ni nzima. Jaribio hilo halina gharama, na kukwangua silikoni iliyogoma kukauka ni kazi chafu kuliko zote zilizotajwa hapa. Ukilazimika, anza kwa kipande cha plastiki kukusanya uji, kisha futa kwa spiriti na vitambaa vingi, ukitupa kila kimoja kinapochafuka.

Ikiwa mstari ulikuwa umekauka vizuri, kisha baada ya wiki chache za maji ukalainika na kuwa mweupe kama maziwa, hiyo si silikoni. Ni akriliki ya mafundi rangi. Tyubu zake zinafanana na za silikoni na bei yake ni ndogo, ndiyo sababu huuzwa kwa sinki. Lebo ikisema inaweza kupakwa rangi juu na vifaa vyake huoshwa kwa maji, itumie kwenye fremu ya mlango. Kando ya sinki haifai.

Madoa meusi ya ukungu

Ukungu ulio juu ya mstari hutoka. Changanya sehemu moja ya dawa ya klorini na tisa za maji, lowesha pamba, ilaze juu ya mstari kwa dakika 10, suuza kwa maji mengi. Usiache klorini juu ya stenlesi kwa muda mrefu. Huitoboa vitobo vidogo ambavyo baadaye huwa kutu. Na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kuondoa magamba ya chumvi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na jiko dogo hujaa upesi.

Weusi usiotoka baada ya kufanya hivyo mara mbili umo ndani au nyuma ya silikoni. Huo haupaushiki. Maji yameingia nyuma ya mstari kupitia tundu fulani, na ukungu unakula sabuni na mabaki ya chakula yaliyokusanyika huko. Ng'oa, kausha kabisa, paka upya kwa aina yenye dawa ya kuzuia ukungu. Tyubu huandikwa "sanitary" au "kitchen and bathroom". Dawa hiyo huisha nguvu kwa miaka, kwa hiyo kufuta ukingo ukauke kila usiku baada ya kuosha vyombo huirefushia maisha.

Malengelenge na vitobo

Vitobo vidogo kama vya mkate wa sinia hutokea silikoni ikipakwa juu ya jiwe lenye maji ndani. Jiwe likipashwa joto, mvuke hutafuta njia. Jambo hilihili hutokea ukipaka kaunta iliyopigwa na jua la dirishani saa sita. Kwa ukuta wa chokaa wakati wa masika, bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zake zizibwe kwa tepu, kilale hapo usiku mmoja. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado. Washa feni usubiri. Kiputo kimoja kikubwa kwenye mstari uliobaki mzima ni hewa tu kutoka kwenye tyubu. Ikiwa hakijafika chini, kiache.

Nyufa katikati ya mstari

Hapa ndipo watu hukimbilia simiti nyeupe. Hesabu inaonyesha kwa nini haitadumu. Chuma cha stenlesi chenye urefu wa mita moja, kikipanda joto kwa nyuzi 60, hurefuka kwa takribani milimita moja. Ukimwaga maji ya tambi yanayochemka, sinki hurefuka. Kaunta ya graniti iliyo kando yake haijapata joto hilo, imetulia. Simiti iliyo katikati haina mnyumbuliko, kwa hiyo hupasuka, na ufa usioonekana kwa jicho unatosha kupitisha maji. Silikoni nzuri huvumilia kuvutwa na kubanwa kwa kiasi cha robo ya upana wake, ila lazima iwe na upana. Mstari wa milimita moja uliopanguswa kwa kidole mpaka ukawa kama wino hauna cha kunyumbulika. Lenga milimita 5 hadi 6.

Sababu ya pili ni sinki lisilo na kitu cha kulishika. Sinki la sentimita 45 kwa 40 lenye kina cha 20 hubeba lita 36, yaani kilo 36 juu ya uzito wa sufuria. Silikoni si kazi yake kubeba. Angalia klipu kwa chini: ziwepo zote, na skrubu zake zikazwe kwa zamu, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Sinki linalofungwa chini ya kaunta bila klipu wala fremu ya mbao litaanguka siku moja.

Sababu ya tatu ni mbao za kaunta zenyewe. Blokibodi na plaiwudi zikikatwa tundu la sinki na kuachwa uchi, makali yake hunywa maji, huvimba na kuinua ukingo. Paka vanishi makali hayo tabaka mbili au tatu kabla sinki halijaingia.

Na pengo likiwa na kina kirefu, usilijaze lote kwa silikoni. Silikoni ikishika pande mbili na chini pia, haiwezi kuvutika, hupasuka. Sukuma kwanza kamba ya sponji isiyonyonya maji, nene kidogo kuliko pengo, ubakishe kina cha milimita 5 juu.

Doa kando ya mstari, au kutu

Kivuli cheusi kama cha mafuta kinachotambaa kwenye jiwe la Galana, terazo au jiwe lolote linalonyonya ni mafuta ya silikoni yenyewe yanayohamia kwenye jiwe. Hakitoki kwa kusugua. Kinga yake ni tyubu iliyoandikwa "natural stone", na kuijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki kwa siku kadhaa.

Mstari wa kutu kwenye stenlesi huletwa na asidi ya silikoni ya siki, chumvi iliyotuama, au vumbi la chuma kutoka kwa msasa na brashi ya waya. Usikwangue sinki kwa brashi ya waya wa kawaida hata siku moja. Silikoni nyeupe iliyogeuka manjano karibu na jiko imeshika moshi na mafuta. Ikiwa bado imekaza, iache.

Ipi ununue

Kwa pwani hii, jibu letu ni moja kwa karibu kila jiko: silikoni isiyotoa siki, iliyoandikwa "neutral" au "neutral cure", yenye dawa ya ukungu. Inafaa kwenye chokaa, matumbawe, terazo, saruji, graniti na stenlesi. Ile ya siki, "acetoxy" au "acetic", hushika kioo, kigae na sinki la kauri vizuri sana na ni rahisi kupatikana. Itumie tu pale ambapo hakuna jiwe, chokaa wala chuma kisichofunikwa. Lebo isiposema aina, toa tone na ulinuse kabla ya kuondoka dukani. Siki hainuki kwa siri.

Jihadhari na jambo moja: baadhi ya silikoni za "neutral" hutoa kemikali inayobadilisha rangi ya shaba. Kama mfereji wako ni wa shaba tupu isiyopakwa kromu, tafuta iliyoandikwa "alkoxy". Zile za polima mchanganyiko, "hybrid" au "MS polymer", ni ghali zaidi, hazitoi siki, na hushika uso wenye unyevunyevu kuliko silikoni; kwa ukuta wa nyuma usiokauka kabisa zinastahili bei yake.

Sinki la mita 1 kwa nusu mita lina mzunguko wa mita 3. Mstari wa pembe wenye milimita 6 kila upande hula mililita 54 hivi, na ule wa kulalia chini ya ukingo hula 60. Tyubu moja ya mililita 280 au 310 inatosha na kubaki.

Kupaka

Kata mstari wa zamani juu na chini kwa wembe, uvute, kisha kwangua masalio kwa kadi ngumu ya plastiki na sponji kavu ya kusugulia. Spiriti haiyeyushi silikoni iliyokauka, kwa hiyo usiitegemee hapa. Nyunyiza maji: yakitandaa sawasawa, pako safi, yakijikusanya kuwa matone, pana mafuta au silikoni bado.

Osha kwa sabuni ya vyombo. Suuza kwa maji matamu mara mbili. Kausha, washa feni saa chache. Kisha chukua vitambaa viwili vyeupe: kimoja kina spiriti, cha pili kikavu, na cha pili kifuate cha kwanza kabla spiriti haijaruka. Ukitumia kimoja tu, spiriti huyeyusha mafuta, huruka, na mafuta hubaki palepale yametandazwa vizuri zaidi.

Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, ukiacha nafasi ya milimita 6 kutoka kwenye pembe kwa kila upande. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari wa nyuzi 45, tundu la milimita 5. Ukikata kubwa, hakuna njia ya kuirudisha.

Fanya kazi asubuhi jua likishapanda kidogo, umande umekwisha na chuma hakijapata moto. Gawanya mzunguko: upande wa nyuma kwanza wote, kisha mbavu, kisha mbele. Kwa joto la hapa una dakika tano kabla ngozi haijaanza, kwa hiyo usipake mita 3 zote ndipo ukaanza kulainisha. Sukuma mdomo wa tyubu mbele ukiingiza silikoni ndani ya pengo. Ukiuvuta nyuma, mara nyingi hutandika juu tu na kuacha hewa chini.

Maji ya sabuni kwenye kidole husaidia kulainisha, ila yasifike mahali ambapo bado hujapaka. Penye tone moja la sabuni mbele ya mstari ndipo patakapobanduka mwezi ujao. Pitisha mara moja, kwa mwendo mmoja usiokatika. Ondoa tepu hapohapo, silikoni ikiwa bado mbichi, ukiivuta kwa mshazari kutoka kwenye mstari. Ukingoja ngozi ije, tepu huondoka na kingo.

Kwa sinki linalolala juu ya kaunta, mstari wa kwanza hupakwa chini ya ukingo kabla halijawekwa, na unaoonekana huja baada ya klipu kukazwa. Usikaze klipu tena baadaye. Utakamua silikoni yote nje.

Mfereji ufungwe saa 24, na saa 48 kwa mstari mnene. Maji ya moto yasubiri siku ya tatu. Samaki asikwanguliwe magamba ukingoni kamwe: ncha ya kisu ikigusa mstari mara moja inatosha kuufungulia maji njia.

Silikoni iliyobaki, sukuma sentimita 2 nje ya mdomo uiache ikauke iwe kizibo, kisha weka tyubu ndani ya nyumba kwenye kivuli, mbali na bati. Siku ya kuitumia tena, vuta kizibo kwa koleo na urudie jaribio la mfuko wa plastiki kabla hujagusa sinki.